Tarehe za Zuena binti Muhammad

Watu wa Majengo, mtaa wa Waislamu mjini Nyeri, walimjua Zuena binti Muhammad kwa mambo mawili: hasira zake na macho yake. Hasira walisema amezirithi kwa bibi yake mzaa baba, Mgikuyu wa Mathira aliyesilimu akaolewa na mpagazi Mmanyema, na ambaye hata uzeeni aligombana na mvua ikimnyeshea nguo kambani. Macho aliyapata mezani kwa baba yake. Fundi Muhammad alishona kanzu na suti barazani kwake, na tangu Zuena ana miaka saba ndiye aliyetumwa dukani kuchagua uzi. Pale wengine walipoona nyeusi moja, yeye aliona nyeusi tano. Mwenye duka akimfungia uzi usiofanana na kitambaa, alirudi pale pale kumpigia kelele mpaka abadilishiwe.

Mwaka wa sabini na mbili alifika Daktari Pelling, Mzungu mrefu mwenye haraka, na darubini mbili ndani ya makreti. Alikuja kupima nyota. Kuna nyota, alieleza, ambazo hazitulii: zinafura na kunywea, zinafura na kunywea, na mwanga wake unapanda na kushuka kwa kufuata huko kufura. Nyingine humaliza mzunguko kwa saa mbili, nyingine kwa saa kumi na tatu, na hazichelewi hata dakika. Alitaka kupima arobaini na moja zilizo karibu nasi. Aliziita nyota za jirani, ingawa mwanga wake ulianza safari kabla babu ya Zuena hajazaliwa. Darubini moja aliiweka Wamagana na nyingine Kangema, ili ukungu ukifunika kilima kimoja, kingine kiendelee na kazi.

Alitafuta watu waliomaliza kidato cha nne na wanaoweza hesabu. Walikuja vijana thelathini na msichana mmoja. Mtihani ulikuwa kusoma sindano ya kipimo cha mwanga, sindano inayotetemeka, mara hamsini mfululizo, kisha kurudia upya bila kuangalia majibu ya kwanza. Wengi walichoka njiani wakaanza kubuni. Zuena alisoma hamsini, akarudia hamsini, na tofauti ilikuwa ndogo mno hata Daktari akamuuliza kama ameyakariri. Alimjibu kwamba kama hana imani na mtihani wake mwenyewe, alikuwa na haja gani ya kuwatoa watu makwao. Daktari alicheka, akamwajiri. Darubini ya Kangema alimpa Theuri, kijana wa huko huko, na ya Wamagana akampa Zuena.

Nyumbani hapakukalika. Msichana hajaolewa, akakeshe peke yake mlimani? Wazee wa msikiti walimjia Fundi Muhammad, ambaye pia alikuwa muadhini wao, wakamwambia si heshima. Fundi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema binti yake anakwenda kuangalia kazi ya Mungu, na mwenye la zaidi aje alisemee kwake. Zuena aliyasikia hayo akiwa nyuma ya pazia, na hakuna siku aliyompenda baba yake kama siku hiyo.

Kwa hiyo akapanga chumba Wamagana, uani kwa mjane mmoja aitwaye Wachuka, hatua ishirini kutoka kwenye darubini. Kazi yenyewe ilihitaji mtu mkaidi. Unaielekeza darubini kwenye nyota tulivu, ile isiyobadilika, unasoma sindano. Unaigeuza kwenye nyota inayofura, unasoma. Unarudi kwenye ile tulivu. Unasoma giza tupu la kando ili ulitoe kwenye hesabu. Kisha unaanza tena, na kila mara unaandika saa na dakika, tangu nyota zinapotoka mpaka ukungu wa Nyandarua uteremke au kukuche. Kurasa za daftari zilikuwa na karatasi ya kaboni: nakala ya juu ilikwenda ofisini, ya chini ilibaki na mpimaji. Kuhusu tarehe Daktari alisema neno moja tu, kwamba siku ikibadilika waandike tarehe mpya, na Zuena akaitikia, maana ni nani asiyejua siku inabadilika lini?

Alipima kwa miezi tisa. Vidole vilipasuka kwa baridi. Alijifunza kuvaa soksi mbili na kuweka kalamu kwapani ili wino usigande. Wachuka alimletea chai kila jioni, akasimama na kumsuta kwamba mwanaume gani ataoa mke anayelala mchana. Zuena alimjibu kwamba ataoa mlinzi wa usiku, wakacheka wote wawili. Nyota aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kumi na tisa kwenye orodha, inayofura na kunywea kila baada ya saa kumi na tatu na dakika thelathini na tano. Aliisubiri hiyo namna watu wanavyosubiri barua.

Mwezi wa nane, mwaka wa sabini na tatu, aliitwa ofisini Wamagana. Kingori, karani wa mradi, kijana wa Karatina aliyevaa tai hata siku za matope, alikuwa amemaliza kunakili vipimo vyote kwenye kadi, kipimo kimoja kadi moja, na kuzipanga kwa tarehe na saa. Daktari alikuwa ameketi barazani, mkono shavuni. Pembeni walikuwepo dereva, mlinzi, na akina mama watatu waliokuwa wakilima mtaro wa maji.

"Sister Zuena," Kingori alianza, "hii kazi yako iko na shida kubwa."

"Shida gani?"

"Vipimo yako ya kuanzia midnight inakubaliana na ya Theuri vizuri sana. Lakini ya jioni, kutoka saa moja mpaka saa sita, haikubaliani hata kidogo. Nyota ni moja, tarehe ni moja, saa ni moja. Theuri anasema iko juu, wewe unasema iko chini. Sasa hiyo ni nyota gani iko na sura mbili?"

"Basi Theuri ndiye amekosea."

"Ya Theuri inakubaliana na vitabu za Daktari. Ni wewe peke yako."

Hapo Daktari akasema, kwa Kiingereza, polepole, kama anayemhurumia. Alisema haoni maelezo mengine ila moja. Kuna baridi, anaelewa. Mtu anakaa jikoni penye moto, anajaza namba za jioni kwa kubuni, halafu saa sita anatoka na kuanza kazi kweli. Alikwisha kuwaona wanafunzi wakifanya hivyo hata kwao Ulaya. Lakini vipimo vya kubuni ni sumu, vinaharibu hata vya wengine, na kwa hiyo kazi yake yote inawekwa kando na yeye anaachishwa.

"Muulize Wachuka!" Zuena alisema. "Ndiye anayeniletea chai pale kwenye darubini kila jioni. Muulize kama amewahi kunikuta jikoni."

Hakuna aliyemuuliza Wachuka. Nyumba yake ilikuwa hatua ishirini tu, moshi wake ukionekana, na hakuna aliyeinuka kitini. Kingori alifunga faili akasema kwa Kigikuyu, akimwelekea dereva, kwamba watu wa Majengo maneno hawaishiwi. Zuena, mjukuu wa mwanamke wa Mathira, alimjibu kwa Kigikuyu hicho hicho, na maneno aliyomjibu akina mama wa mtaro waliyasimulia hadi Krismasi.

Lakini hasira haikumrudishia jina. Alirudi Majengo na sanduku lake, na habari ilikuwa imetangulia: binti wa muadhini amefukuzwa kwa uongo. Mama yake, Kibibi, alilia naye. Baba yake hakusema kitu. Alimtazama mara moja, akarudi kwenye cherehani yake, akakanyaga pedali mpaka magharibi. Siku ya pili alivaa kanzu yake nyeupe akasema anakwenda kununua vitambaa, akarudi jioni bila kitambaa. Baada ya hapo wiki zikapita wakila sahani moja bila jambo hilo kutajwa. Zuena aliuchukulia ule ukimya kuwa huzuni. Mwenyewe alichemka mchana na usiku, kwa sababu kila alipozifungua nakala zake za kaboni hakuona kosa lolote. Alikumbuka kila usiku. Alikumbuka hata ule ambao fisi alikuja kunusa betri ya kipimo.

Ikafika siku ya mwisho ya Shaaban. Wachuka, ambaye alikuwa hajaacha kumkumbuka, alishuka mjini na kikapu cha viazi, akaketi uani na Kibibi jua likiwa linazama nyuma ya Nyandarua. Fundi Muhammad aliadhini magharibi. Mara watoto wakapiga kelele kwamba mwezi umeonekana, na Kibibi akainua mikono akaomba dua.

"Na sasa Ramadhani yenu inaanza lini?" Wachuka aliuliza.

"Imeshaanza."

"Ati imeanza? Na mimi si nimekula na nyinyi viazi saa nane? Mama Zuena, usinicheze. Itaanza kesho."

"Kesho ndiyo mchana wake. Mosi imeingia sasa hivi, jua lilipotua. Siku yetu huanza na usiku wake."

"Woi! Kwa hivyo saa hii nyinyi mko kesho, na mimi niko leo, na tumekalia mkeka mmoja?"

Kibibi alicheka mpaka akashika mbavu. Zuena alikuwa mlangoni na sufuria ya uji. Aliiweka chini, akasimama wima, na wote wawili walimwona akibadilika uso. Aliingia ndani, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akatoa madaftari.

Ilikuwa pale pale, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mwandiko wake mwenyewe. Kila magharibi ilipoingia alikuwa ameandika tarehe mpya. Usiku ambao Theuri, Mkristo wa Kangema, aliuandika tarehe tano mpaka saa sita, yeye alikuwa ameuandika tarehe sita tangu nyota ya kwanza. Baada ya saa sita Theuri naye alibadilisha, wakawa sawa mpaka alfajiri. Hakuwahi kugundua, kwa kuwa mchana tarehe ya Majengo na tarehe ya posta ni moja. Barua, daftari la shule, risiti, vyote huandikwa mchana. Ni nani mwingine Nyeri nzima aliyekuwa na kazi ya kuandika tarehe baada ya jua kutua?

Mtu angedhani angefurahi. Alishikwa na ghadhabu mbaya kuliko ya kwanza. Kwenye daftari saa tatu za usiku zilifuatwa na saa tisa za usiku chini ya tarehe moja, kwa mpangilio huo, na mtu yeyote aliyelifungua kwa dakika mbili angeona. Kingori alikata kurasa vipande vipande akavitia kwenye kadi bila kusoma, na Daktari alizisoma kadi bila kugusa daftari. Walikuwa wepesi wa kumwita mwongo na wavivu wa kufungua ukurasa. Alilia kwa hasira, akafuta uso kwa upande wa kanga, akaanza hesabu upya.

Alifanya kazi siku nne, amefunga, kwenye ncha ya meza ya baba yake. Alichukua nyota ya kumi na tisa, akarudisha kila kipimo cha jioni siku moja nyuma, akagawanya muda wote kwa saa kumi na tatu na dakika thelathini na tano, akaweka nukta kwenye karatasi ya miraba. Nukta zilizokuwa zimetawanyika kama mtama uliomwagika ziliingia kwenye mstari mmoja: mwanga unapanda ghafla, unashuka taratibu, unapanda tena. Nukta mia nne na kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyobaki nje. Baba yake alikuwa akishona upande wa pili wa meza ile ile. Aliuona ule mstari. Hakuuliza ni nini.

Siku ya tano Zuena alikwenda Wamagana, akamwekea Daktari karatasi mbele yake, juu ya kikombe chake cha chai.

Daktari alikuwa mtu wa akili, hilo Zuena hakuwahi kumnyima. Alielewa kabla hajamaliza kuelezwa. Uso ulimng'aa, akapiga meza, akamwita Kingori aje aone. Alisema ni jambo la ajabu, maana hata wao wataalamu wa nyota wa Ulaya hawaanzi siku yao usiku wa manane. Wao huianza saa sita mchana, makusudi, ili usiku mmoja usikatwe kwenye tarehe mbili.

"Kwa hiyo siku yako inaanza mchana," Zuena alisema. "Ya Theuri inaanza usiku wa manane. Yangu inaanza magharibi. Na katika sisi watatu, mwongo akawa mimi."

"Ni jambo dogo, limekwisha," Daktari alisema. "Tutasahihisha. Rudi kazini hata leo."

"Kadi za jioni ni zaidi ya elfu mbili. Atazisahihisha Kingori, kwa mkono wake, moja moja. Na wewe utakuja Majengo ulisemee hili mbele ya watu, kwa sababu la kwanza ulilisema mbele ya watu."

Daktari alikubali, akiwa bado anatabasamu, bado anaitazama ile karatasi. Kisha akaongeza, kwa wema wake wote, kwamba ajue yeye hakuwa na kinyongo naye hata kabla ya leo. Alikwisha kumsamehe tangu mwezi wa nane, baba yake alipokuja.

"Alipokuja wapi?"

"Hapa. Siku ya pili yake. Alivaa nguo ndefu nyeupe. Kingori alitutafsiria. Mzee muungwana sana. Aliinamisha kichwa akaomba radhi kwamba umekosa, kwamba wewe ni mtoto, kwamba hakukulea hivyo."

Zuena alitembea kutoka Wamagana mpaka karibu na mto Chania, na magari mawili yaliyosimama kumchukua aliyapita.

Daktari alitimiza ahadi. Alikuja Majengo siku ya tatu yake, saa kumi na mbili kasoro, Kingori akiwa nyuma yake na tai. Baraza lilijaa: majirani, wazee wawili wa msikiti, Wachuka na kikapu chake. Daktari alisema vipimo vyote vya Zuena ni sahihi, kosa lilikuwa la ofisi, na anamrudisha kazini. Kingori alitafsiri akitazama viatu vyake. Fundi Muhammad akainua mikono.

"Alhamdulillahi! Mimi nilijua. Nilijua mwanangu hawezi kusema uongo."

"Hukujua, Baba," Zuena alisema.

"Zuena, tuna mgeni."

"Ungejua usingekwenda Wamagana kumwinamia. Kwa wazee ulinitetea, kwa huyu ukaniuza. Wiki saba tunakula sahani moja, hukuniuliza hata mara moja: mwanangu, umesema uongo? Ningekujibu."

Wazee walitazamana. Fundi aliweka mkono kwenye kofia yake akaitengeneza, ingawa haikuwa imekaa vibaya.

"Nilikwenda kwa ajili yako," alisema. "Nilitaka jambo liishe."

"Kwake liliisha. Alinisamehe, ameniambia mwenyewe, na kosa sina. Uliomba radhi kwa jina langu bila ya mimi kukutuma. Basi uliyemwomba huyu hapa. Mwambie hukuwa na haki ya kuomba."

"Mwanangu," Kibibi alisema, "mwezi mtukufu huu."

"Ndiyo, Mama. Ndiyo maana namwambia leo."

Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya Nyandarua. Mtaa mzima ulikuwa na tende mkononi, ukisubiri sauti ya mtu mmoja. Fundi Muhammad aliinuka. Zuena alikuwa amesimama mlangoni pa baraza, akasogea kando kumpisha. Baba yake alipiga hatua mbili, akasimama, akarudi.

"Kijana," alimwambia Kingori, "mwambie Daktari hivi. Mwezi wa nane nilikuja kwake nikasema binti yangu amekosa. Nilisema kitu nisichokijua. Aliyesema uongo Wamagana ni mimi."

Kingori alitafsiri. Daktari alicheka kwa upole, akampiga fundi begani, akasema si neno, yamepita, wasahau. Kingori alimtazama Zuena, na hayo hakuyatafsiri.

Fundi alikwenda msikitini. Jioni ile adhana ilikatika katikati mara mbili, ikaanza tena, na majirani wakafuturu wakisema muadhini ameshikwa na kikohozi. Zuena alijua ni machozi, na bado hakuweza kumsamehe.